Ugumba na Endometriozi: Namna Wanganga Walivyotafuta Dawa

Kati ya mashauri yanayoletwa mbele ya padri ao mwalimu wa dini, shauri la ndoa isiyo na mtoto ni zito kupita mengine mengi. Jamaa ya bwana wanauliza. Mama mkwe ananung'unika. Wengine wanatafuta mchawi, wengine wanamtafutia bwana mke wa pili, na mwanamke mwenyewe anakuja kuuliza ametenda dhambi gani. Juu ya ndoa yake tunajua kumjibu: ugumba haukatazi ndoa wala hauivunji. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika kitabu cha sheria za Kanisa cha mwaka 1917, kanuni 1068, na tena katika kile cha mwaka 1983, kanuni 1084. Lakini juu ya mwili wake, wengi wetu tunanyamaza.

Kwa hiyo nataka kusimulia hapa historia ya ugonjwa mmoja tu kati ya magonjwa yanayoleta ugumba. Wanganga wanauita endometriozi. Nimeuchagua kwa sababu historia yake iligusa pia mafundisho ya Kanisa, na kwa sababu katika nchi zetu ni ugonjwa uliosahauliwa kwa miaka mingi, kana kwamba haukutuhusu.

Kwanza tuseme ni kitu gani. Ndani ya tumbo la uzazi muna utando laini. Kila mwezi utando huo unanenepa ukingojea mimba. Mimba isipopatikana, unavunjika na kutoka pamoja na damu. Kwa mwanamke mwenye endometriozi, utando wa namna ileile unaonekana inje ya tumbo la uzazi: juu ya vifuko vya mayai, juu ya kibofu, juu ya matumbo. Huko nako unafuata amri ya homoni kila mwezi, lakini damu yake haina njia ya kutokea. Inabaki mle, inaleta uchungu na makovu, na viungo vinashikamana kama vitu vilivyopakwa ulimbo. Shirika la Afya la Ulimwengu linahesabu kwamba karibu wanawake 10 kati ya 100 wenye umri wa kuzaa wana ugonjwa huu, yaani karibu milioni 190 duniani kote. Si wote walio wagumba. Wengi wao wanazaa vizuri. Lakini kati ya wanawake wanaokwenda hospitali kwa sababu hawapati mimba, ugonjwa huu unaonekana mara nyingi sana.

Wa kwanza kuandika juu ya utando huo uliopotea njia alikuwa Carl von Rokitansky, mwalimu wa Vienna aliyechunguza maiti nyingi mno katika maisha yake. Aliandika mwaka 1860. Wataalamu wa historia wanabishana hata leo kama alichokiona ni ugonjwa wenyewe ao ni ndugu yake, na ubishi huo tuwaachie wao. Mwaka 1908 Thomas Cullen wa Baltimore, huko Marekani, alitoa kitabu kikubwa chenye picha nyingi juu ya uvimbe wa namna hii. Lakini baba wa jambo hili kwa kweli ni munganga John Sampson, aliyekuwa mpasuaji katika mji wa Albany, jimbo la New York.

Sampson alikuwa mtu wa uvumilivu. Alipopasua wanawake wenye uvimbe kwenye vifuko vya mayai, aliona uvimbe huo umejaa damu ya zamani, nzito na nyeusi, mfano wa chokoleti. Aliandika juu yake mwaka 1921. Akajiuliza: damu hii imetoka wapi? Basi akafanya jambo ambalo wapasuaji wengine waliliepuka: aliwapasua wagonjwa kadhaa wakiwa katika siku zao za mwezi, kusudi aone kwa macho. Akaona damu ikirudi nyuma kwa njia ya mirija na kudondoka ndani ya tumbo. Mwaka 1927 akatoa maelezo yake kamili: vipande vya utando vinarudi pamoja na damu, vinaanguka juu ya viungo, vinashika mizizi kama mbegu na kuota. Jina la endometriozi limetoka kwake.

Wengi walimpinga. Robert Meyer wa Berlin, mwenye sifa kubwa wakati ule, alisema kwamba utando hausafiri. Ngozi inayofunika viungo vya tumbo ndiyo inayogeuka pale pale ilipo. Ubishi ulidumu miaka mingi. Mwaka 1984 wanganga wa Marekani, wakiongozwa na Jouko Halme, walichungulia matumbo ya wanawake wakati wa mwezi wao, wakaona kwamba karibu 90 kati ya 100 wenye mirija wazi wana damu iliyorudi nyuma. Kisha katika miaka ya 1990, Thomas D'Hooghe wa chuo kikuu cha Louvain alifanya kazi na nyani katika nyumba ya uchunguzi karibu na Nairobi. Nyani jike anakwenda mwezini kama mwanamke, na ugonjwa huu unampata. D'Hooghe na wenzake walipoweka utando wa damu ya mwezi ndani ya matumbo ya nyani, ugonjwa ukaota. Kwa hiyo Sampson hakusema uongo. Hata hivyo hakumaliza shauri: kama karibu wanawake wote wanarudisha damu, sababu gani mmoja tu kati ya kumi anaugua? Siku hizi wengi wanaamini kwamba askari wa mwili, wanaosafisha uchafu ndani ya tumbo, wanashindwa kazi yao kwa baadhi ya wanawake.

Sasa tufike kwenye homoni, maana hapo ndipo kuna mashaka mengi. Mwaka 1923, huko St. Louis, Edgar Allen na Edward Doisy walionyesha kwamba maji yatokayo katika vifuko vya mayai yana nguvu ya kuamsha viungo vya uzazi vya panya. Mwaka 1929 Doisy, na Adolf Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja upande wake, walifaulu kutenga homoni ya kwanza ya namna hiyo kutoka katika mkojo wa wanawake wajawazito. Tunaziita estrojeni. Mwaka 1934 ikatengwa projesteroni, ile inayotunza mimba. Kwa ufupi: estrojeni inaotesha utando, projesteroni inautuliza na kuukomaza.

Hata kabla ya hapo, wapasuaji walikuwa wamekwisha kuona mambo mawili. Mwanamke akikoma kwenda mwezini, ao akitolewa vifuko vya mayai, ugonjwa unapoa. Na akiwa na mimba, mara nyingi uchungu unapungua. Kutokana na hayo Joe Meigs, munganga mwenye jina huko Boston, alifundisha katika miaka ya 1940 kwamba dawa ni kuolewa mapema na kuzaa mapema. Shauri rahisi kwa mwenye kulitoa! Kumwambia mgumba azae ili apone ugumba ni kumwambia mwenye njaa ale kwanza ndipo atafute chakula. Lakini shauri hilo lilisikilizwa miaka mingi, na hata leo mtu anaweza kulisikia.

Wengine wakajaribu homoni zenyewe. Waliwapa wanawake homoni za kiume, wakaota ndevu. Mwaka 1948 Karnaky alipendekeza dietilstilbestroli, estrojeni ya kutengenezwa, kwa vipimo vikubwa. Baadaye, mwaka 1971, ilijulikana kwamba dawa hiyo, mama mjamzito akiinywa, inaweza kuleta saratani kwa binti atakayezaliwa. Ndipo Robert Kistner wa Boston akaleta wazo jipya, aliloliandika mwaka 1958: kama mimba inatuliza ugonjwa, basi tumpe mwanamke mimba ya uongo. Anywe kila siku, pasipo kupumzika, vidonge vyenye projesteroni ya kutengenezwa pamoja na estrojeni, miezi mingi, mpaka utando uliopotea unyauke.

Na vidonge hivyo vilikuwa gani? Ni vilevile ambavyo ulimwengu wote ulivijua baadaye kama vidonge vya kuzuia mimba. Karibu na Boston, katika hospitali ya wanawake ya Brookline, alikuwako munganga John Rock, Mkatoliki aliyesali Misa kila siku. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rock alikuwa akiwapa homoni hizo wanawake wagumba, kusudi vifuko vya mayai vipumzike. Walipoacha dawa, wengine walipata mimba. Serikali ya Marekani ilikubali kidonge cha kwanza mwaka 1957 kama dawa ya magonjwa ya mwezi, na mwaka 1960 tu kama kizuizi cha mimba. Inafaa wanafunzi wa maadili wakumbuke mpango huo wa miaka. Kidonge kiliingia duniani kwa mlango wa hospitali.

Ndiyo maana Kanisa lililazimika kusema mapema. Mwaka 1958 Louis Janssens, mwalimu wa maadili huko Louvain, aliandika kuuliza kama ni halali kuzuia yai lisitoke. Na tarehe 12 ya mwezi wa 9 mwaka uleule, karibu mwezi mmoja kabla ya kufa kwake, Papa Pius XII alisema na wanganga wa magonjwa ya damu waliokutanika Roma. Alitenganisha mambo mawili. Mwanamke akinywa dawa hizo kusudi asipate mimba, anajifanya tasa moja kwa moja, nayo si halali. Lakini akinywa kwa shauri la munganga, kama dawa ya lazima kwa ugonjwa wa tumbo la uzazi ao wa mwili, basi kukosa mimba kunakuja kando, hakukutafutwa. Hapo kanuni ya tendo lenye matokeo mawili inaruhusu. Papa Paulo VI alishika fundisho lilelile katika Humanae Vitae, mwaka 1968, hesabu ya 15. Kwa hiyo mwanamke aliyepewa vidonge na munganga kwa ajili ya endometriozi asikataliwe wala asitishwe katika kitubio. Najua kwamba wako waliotishwa, na wako walioficha dawa zao chini ya kitanda kwa kuogopa mwalimu wa dini.

Lakini sasa tusikilize vizuri, maana hapa kuna kosa linalofanywa na watu wenye nia njema. Dawa inayotuliza ugonjwa si lazima ilete mtoto. Wakati wote mwanamke anapokunywa dawa hizo yai halitoki, kwa hiyo hawezi kupata mimba. Na akiacha, je, anazaa upesi kuliko mwenzake asiyekunywa kitu?

Wanganga walidhani ndivyo kwa miaka 30. Mwaka 1971 ilianza kujaribiwa danazoli, kazi ya Robert Greenblatt katika mji wa Augusta, nayo ilikubaliwa Marekani mwaka 1976. Ilikausha ugonjwa, lakini ilinenepesha wanawake na kuwapa sauti nzito. Mwaka uleule 1971 Andrew Schally, aliyetumia vichwa vya nguruwe, na Roger Guillemin, aliyetumia vya kondoo, walifumbua muundo wa homoni ndogo ya ubongo inayoamuru tezi iliyo chini yake. Ernst Knobil wa Pittsburgh alionyesha mwaka 1978 kwamba tezi hiyo inatii ikiamriwa mara kwa mara, kwa vipindi. Ikiamriwa mfululizo, inanyamaza, kama mwenye nyumba anayegongewa mlango pasipo kupumzika mpaka hafungui tena. Kutokana na hayo zikatoka sindano za kila mwezi zinazonyamazisha vifuko vya mayai kabisa. Mwaka 1982 dawa za namna hii zilikuwa zimekwisha kujaribiwa kwa endometriozi. Hatari yake ni mifupa, inayopungua nguvu estrojeni ikikosekana. Robert Barbieri wa Boston alipendekeza mwaka 1992 kwamba kuna kipimo cha katikati: estradioli, estrojeni iliyo kubwa, ikibaki kati ya pikogramu 30 na 50 katika mililita moja ya damu, ugonjwa unakosa chakula lakini mifupa haiumii sana. Wazo hilo bado linatumika, hata kwa vidonge vipya vya namna hii, kama vile elagoliksi, iliyokubaliwa mwaka 2018.

Dawa hizi zote zinapunguza uchungu. Hilo halina ubishi. Lakini wachunguzi walipokusanya majaribio yote na kuyapima pamoja, waliona kwamba hakuna hata moja inayoongeza mimba baada ya kuachwa. Miezi sita ya dawa ni miezi sita iliyopotea kwa mwanamke anayetafuta mtoto, na kama ana umri wa miaka 36 ao 38, miezi hiyo ni mali. Mwaka 2022 wanganga wa Ulaya wanaoshughulika na uzazi waliandika wazi katika mashauri yao: kwa ajili ya kutafuta mimba, dawa za kunyamazisha vifuko zisitolewe.

Na kupima homoni katika damu kunasaidia nini? Hapo zamani vipimo vilifanywa kwa panya na sungura, kazi ya siku nyingi. Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York walitoa mwaka 1959 namna ya kupima homoni kidogo sana kwa nguvu ya vitu vyenye mnururisho. Yalow alipewa zawadi ya Nobel mwaka 1977, pamoja na Schally na Guillemin. Tangu hapo kila hospitali kubwa inapima. Lakini watu walishangaa: katika endometriozi, homoni za damu mara nyingi ni sawa na za mwanamke mzima. Shida iko mahali penyewe. Serdar Bulun na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba utando uliopotea una chombo chake cha kutengeneza estrojeni, kitu ambacho utando wa kawaida hauna. Tena unakuwa kiziwi kwa sauti ya projesteroni. Ni kama shamba la magugu lenye kisima chake: ukifunga mto, bado linanyweshwa. Kwa hiyo mwanamke akirudi na karatasi ya hospitali inayosema homoni zake ni nzuri, asidhani wala asiambiwe kwamba hana ugonjwa. Vipimo vinasaidia kwa mambo mengine: kujua kama yai linatoka, na kujua kadiri ya mayai yaliyobaki, kwa homoni moja inayoitwa AMH. Mpasuaji mwenye hekima anaipima kabla ya kuondoa uvimbe wa chokoleti, maana kisu kinaweza kuchukua mayai mazima pamoja na ugonjwa.

Kupasua kwenyewe kumebadilika. Katika miaka ya vita, huko Paris, Raoul Palmer alianza kuchungulia matumbo ya wanawake wagumba kwa bomba lenye taa, kwa tundu dogo tu, ndiyo laparoskopi. Mwaka 1997 Sylvie Marcoux na wenzake wa Kanada walitoa jaribio juu ya wanawake 341 wenye ugonjwa mdogo sana ao mdogo. Nusu walichomwa ao kuondolewa ugonjwa, nusu walichunguliwa tu. Katika majuma 36 yaliyofuata, kati ya wa kwanza 31 kwa 100 walipata mimba iliyoendelea kupita majuma 20. Kati ya wa pili ni 18. Jaribio dogo la Italia la mwaka 1999 halikuona faida hiyo, lakini yakiwekwa pamoja, faida ipo, si kubwa. Tangu mwaka 1978 kuna pia njia ya kutunga mimba inje ya mwili, na wanganga wengi wanaishauri ugonjwa ukiwa mzito. Kanisa halikuikubali, kama ilivyoandikwa katika Donum Vitae mwaka 1987. Lakini watu wachache wanajua kwamba hati ya Dignitas Personae ya mwaka 2008, hesabu ya 13, inataja endometriozi kwa jina lake: kuupasua ugonjwa huo, kufungua mirija, kutibu ugumba kwa homoni, yote hayo ni halali.

Inabaki kusema juu ya Afrika. Kwa muda mrefu vitabu vya wanganga vilifundisha kwamba endometriozi ni ugonjwa wa wanawake weupe wenye mali, wanaochelewa kuolewa. Mwaka 1976 Donald Chatman wa Chicago alichungulia matumbo ya wagonjwa wake weusi, akaukuta kwa zaidi ya mmoja katika watano. Wengi wao walikuwa wameambiwa kwamba wana maambukizi ya viungo vya uzazi. Kosa hilo lilikuwa na sababu yake. Katika Kongo, uchunguzi mkubwa wa hesabu ya watu wa miaka 1955 hadi 1957, alioufanyia kazi Anatole Romaniuk, ulionyesha majimbo ya kaskazini, kama Tshuapa na Uele, ambako wanawake wengi mno hawakuwa na mtoto hata mmoja, na sababu kubwa ilikuwa kisonono kinachoziba mirija. Ilikuwa kweli. Lakini kweli hiyo iliwafunga wanganga macho. Mwanamke mgumba mwenye uchungu tumboni alihesabiwa kuwa na kisonono, akapewa dawa za maambukizi mwaka baada ya mwaka, na watu wakasema maneno juu ya mwenendo wake. Endometriozi haiambukizwi. Haina shauri lolote na mwenendo wa mtu. Inaweza kumpata bikira, inaweza kumpata sista katika nyumba ya watawa.

Laparoskopi bado ni haba katika nchi yetu. Lakini yale mashauri ya mwaka 2022 yanasema pia kwamba si lazima tena kuchungulia tumbo kabla ya kuanza kutibu. Dalili zikielezwa vizuri, pamoja na ekografi, zinatosha mara nyingi. Dalili zenyewe ni hizi: uchungu wa mwezi unaomlaza mtu kitandani tangu usichana, uchungu katika tendo la ndoa, uchungu wa kwenda choo siku za mwezi, na mimba isiyokuja. Wanawake wengi wanakaa miaka saba ao zaidi kabla ya kuambiwa jina la ugonjwa wao. Na kabla mwanamke hajapelekwa mbali kwa gharama kubwa, bwana naye apimwe mbegu zake. Kipimo hicho ni cha bei ndogo, na mabwana wanakikataa kuliko vyote. Mara nyingi padri ao mwalimu wa dini peke yake ndiye anayeweza kumshawishi.